Hospisi haifai kungoja pesa ziishe

Katika familia nyingi za Nairobi, hospisi, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kumfariji mwenye ugonjwa mzito, hutajwa siku pesa zinapoisha. Kikundi cha WhatsApp kilishaundwa, namba ya paybill ikasambazwa, harambee ikafanywa kanisani, pengine mgonjwa akafikishwa hadi India na kurudi. Kisha daktari anasema dawa hazisaidii tena. Mmoja kwenye kikao cha familia anataja hospisi, na kaka mkubwa anamkatiza: "Kwa hivyo tumeamua Mama afe?"

Hasira hiyo ina msingi wake, nami nitaifikia. Ila imejengwa juu ya dhana kwamba familia lazima ichague moja, matibabu au hospisi, na dhana hiyo ndiyo inayowachelewesha watu.

Wengi wakisikia hospisi huona jengo lenye vitanda ambako mtu huingia asitoke. Nairobi Hospice, ya kwanza nchini, ilianza mwaka 1990 karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na kazi yake kubwa haifanyiki wodini. Mgonjwa huja kliniki, hupewa dawa na ushauri, akarudi kwake. Asiyeweza kutoka hutembelewa na muuguzi nyumbani. Mwanzilishi wa hospisi za kisasa, Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's jijini London mwaka 1967, alishikilia kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili tu. Kuna hofu, kuna deni, kuna ndugu wasiosemezana, kuna maswali kwa Mungu. Ndiyo maana timu ya hospisi huwa na mshauri nasaha pamoja na daktari, na ndiyo maana haihudumii saratani peke yake: figo na moyo vilivyochoka vinahusika vilevile.

Ukitafuta mtandaoni utaambiwa hospisi ni ya mtu aliyebakiza miezi 6. Hiyo ni kanuni ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee: madaktari wathibitishe muda huo, na mgonjwa akubali kuachana na matibabu ya kuuponya ugonjwa wake. Ni sharti la anayelipa bili. Hapa kwetu, mtu anayeendelea na kemo, yaani dawa za kuua saratani, anaweza kupata mofini, dawa kali ya maumivu, na ushauri wa hospisi wiki hiyo hiyo.

Kuna utafiti unaotajwa sana katika mjadala huu, uliochapishwa mwaka 2010 kutoka hospitali moja ya Boston. Wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa waligawanywa makundi mawili. Waliopata tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu kama ya hospisi, mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, waliishi wastani wa miezi 11.6, wale waliopata matibabu ya kawaida tu, miezi 8.9. Na hawa wa kwanza ndio walioandamwa kidogo na kemo za dakika ya mwisho. Singeuhamisha utafiti huo hadi Nairobi kana kwamba hali ni moja, maana wote walikuwa na hospitali nzuri nyuma yao. Unachobomoa ni ile hofu kwamba kuita hospisi ni kuharakisha mauti.

Hofu yenyewe imejikita kwenye chupa ya mofini. Mofini ya kunywa ni unga uliochanganywa na maji, chungu mno, hupimwa kwa sirinji isiyo na sindano, kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku. Pembeni huwekwa dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo karibu kila mtu, na anayeisahau hiyo ya pili atamkuta mgonjwa anateseka upya. Jamaa huiogopa wakisema ni dawa ya kumalizia watu. Ikianzwa kidogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu, haimalizi mtu. Inamwezesha kula, kuoga, na kuongea sentensi nzima.

Basi tuite hospisi lini? Mimi ningeita siku daktari anapotamka kwamba ugonjwa umesambaa, au siku maumivu yanapozishinda dawa za kawaida za dukani, lolote litakalotangulia. Ishara nyingine zipo: amelazwa mara tatu katika miezi michache, anakonda, anashinda kitandani zaidi ya nusu ya siku. Madaktari nao wana swali wanalojiuliza kimyakimya: nitashangaa mgonjwa huyu akifariki ndani ya mwaka mmoja? Jibu likiwa hapana, rufaa iandikwe. Na daktari asipoligusia, jamaa ana haki ya kumuuliza.

Sasa upande wa kaka mkubwa. Wakenya wengi hufikia hatua isiyotibika kwa kucheleweshwa. Mama anavuja damu, anapewa antibayotiki kwenye zahanati ya kwanza, na ya pili, na ya tatu; anapofika kwa mtaalamu, saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikiwahiwa huponywa, imekwisha kuvuka mipaka. Kumpa huduma ya faraja wakati huo ni lazima, lakini kaka akikasirika ana haki. Hospisi haipaswi kuwa kapeti la kufunikia foleni ya mashine ya mionzi. Tena kuna magonjwa ambayo kusambaa kwake si hukumu: limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi za limfu, kwa watoto huweza kuponywa kwa kemo hata ikiwa imeenea. Kwa hiyo maoni ya daktari wa pili si ukaidi. Yatafutwe, ila yasitumiwe kuahirisha mofini.

Lipo pia suala la nyumba, ambalo watetezi wa hospisi hulipita haraka mno. Kumuuguza mtu nyumbani kunasikika vizuri hadi nyumba iwe chumba kimoja orofa ya tano kule mtaa wa Pipeline, hakuna lifti, choo kiko mwisho wa korido na maji yanakuja siku fulani tu. Anayebeba ndoo ni binti au mkaza mwana, ambaye ameacha kibarua chake bila mtu kumuuliza. Kwa baadhi ya familia jibu ni kijijini, na kwa kuwa zipo hospisi Nyeri, Meru, Eldoret na Kisumu, mgonjwa anaweza kusafirishwa na barua ya rufaa angali na nguvu za kukaa garini. Huko, kama ameambiwa ukweli, ataamua mwenyewe habari za shamba na akiba ya sacco. Familia zinazomsihi daktari "usimwambie" humnyima nafasi hiyo, ingawa kwa kawaida yeye ameshajua na anawalinda wao.

Kabla ya kumtoa hospitalini, kikao kiwe na majibu ya maswali manne: nani atalala naye, nani atamfidia anayeacha kazi, mofini ikiisha Jumamosi jioni inajazwa wapi, na usiku simu inapigwa kwa nani. Muuguzi wa hospisi atajibu mawili ya mwisho. Mawili ya kwanza yanataka fungu litengwe mapema kwenye mchango, kabla haujaliwa wote na skani ya nne.