Usukani wa kujiendesha na mshika zamu aliye nyuma yake

Usiku wa tarehe 10 Juni 1995, meli ya abiria Royal Majesty, iliyokuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston, ilipanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulibaini kwamba waya wa antena ya GPS ulichomoka muda mfupi baada ya meli kung'oa nanga, na tangu hapo kifaa kikawa kinakadiria mahali meli ilipo kwa dira na mwendo peke yake, bila kuhesabu upepo na mkondo vilivyokuwa vikiisukuma pembeni. Usukani wa kujiendesha uliyafuata makadirio hayo kwa utiifu kwa zaidi ya saa 34, hadi meli ikawa takriban maili 17 za baharini nje ya njia yake.

Wanaodai kwamba vifaa hivi vinawalemaza mabaharia hukitumia sana kisa hiki, na hoja yao ni nzito. Hata hivyo, melini humo mashahidi wengine hawakukosekana. Kwenye kioo cha GPS palikuwa na herufi DR, ndogo mno, zilizoonya kwamba kifaa kinakadiria. Kipokezi cha pili, cha Loran-C, mfumo wa kujua mahali kwa mawimbi ya redio kutoka minara ya nchi kavu, kilikuwa kikionyesha mahali sahihi. Na kengele ya kipima kina ilikuwa imewekwa kwenye mita 0, yaani ilie chombo kikiwa tayari kinagusa chini. Zamu zilipokezana na hakuna aliyevilinganisha.

Upande wa pili, wa wanaoutetea usukani huu, hausikilizwi vya kutosha, labda kwa sababu safari iliyofika salama haiandikiwi ripoti. Katika mashua ya watu wawili, kushika shikio saa kumi mfululizo humchosha mtu mpaka macho yake yasione tena zaidi ya dira, ilhali Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini inamtaka aangalie na kusikiliza wakati wote. Mashine ikishika njia, mtu anapata nafasi ya kutazama upeo, kupunguza tanga na kula. Kwenye pwani yetu nako, nahodha aliyezoea kuingia mlango wa mwamba kwa kulinganisha mnazi na mnara hana alama hizo mvua ya masika inapofunga, na hapo kifaa humfaa.

Binafsi naiogopa zaidi ramani ya kioo, yaani ya kielektroniki, kuliko usukani wenyewe. Mnamo Novemba 2014 mashua ya mashindano Vestas Wind iligonga usiku miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Mauritius, ikiwa na watu tisa, kwa kuwa ramani ya kielektroniki isipokuzwa vya kutosha haikuonyesha hatari iliyokuwapo. Ramani ya karatasi, kwa usumbufu wake wote, haina kitufe cha kuficha mwamba.

Kwa hiyo penseli isitupwe. Kila saa, mshika zamu aandike mahali alipo, kisha alinganishe kina anachosoma na kilichochapwa kwenye ramani; vikipishana, mwendo upunguzwe kwanza, na ubishi wa kifaa kipi kinasema kweli uje baadaye.