Mataji 42 ya Mumbai: ubabe wa kweli au zao la kanuni?

Juni 2022, mjini Bengaluru, nusu fainali ya Kombe la Ranji, mashindano ya kriketi ya majimbo ya India. Katika zamu ya kwanza ya kupiga, Mumbai wamepata mikimbio (alama) 393, kisha wakawatoa wapigaji wa Uttar Pradesh kwa 180. Kwa pengo hilo la 213, nahodha ana haki ya kuwalazimisha wapinzani wapige tena papo hapo. Mumbai wakaamua kupiga wao. Mpigaji wao wa kufungua zamu, Yashasvi Jaiswal, alikula mipira 53 bila kupata kitu; alipopata mkimbio wa kwanza kwenye mpira wa 54, hata Uttar Pradesh walipiga makofi. Alimaliza na 181, timu ikafika 533 kwa wiketi 4 (yaani wapigaji wanne tu wametolewa), na muda ukaisha, mechi ikahesabiwa sare huku Mumbai wakiwa mbele kwa mikimbio 746. Wapinzani hawakupewa hata zamu ya pili. Mumbai wakaenda fainali.

Sheria inawaruhusu. Katika hatua ya mtoano ya Ranji, mechi ikiisha sare anapita aliyeongoza zamu ya kwanza. Kwenye makundi, ambako mechi ni ya siku nne, ushindi kamili unalipa pointi 6 (7 ukishinda kwa zamu nzima au kwa wiketi zote 10), sare yenye uongozi wa zamu ya kwanza inalipa 3, na aliyezidiwa anapata 1. Ukiziangalia hesabu hizo kwa makini, unaanza kuelewa kwa nini Mumbai, zamani Bombay, ina mataji 42 wakati anayeifuata, Karnataka, ana 8. Unaelewa pia kwa nini wapo wanaosema mataji hayo yametiwa chumvi na mfumo.

Hoja ya wenye mashaka ina uzito. Bombay ilitwaa kombe la kwanza kabisa, msimu wa 1934/35, lakini rundo kubwa ni lile la mataji 15 mfululizo, kutoka 1958/59 hadi 1972/73. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho nchi iligawanywa kwa kanda, na kabla ya 1970/71 ni bingwa wa kanda peke yake aliyeendelea. Bombay walikuwa Kanda ya Magharibi pamoja na Maharashtra, Baroda, Gujarat na Saurashtra: mechi nne za kanda, kisha mbili au tatu za mtoano, basi una kombe. Rajasthan walifika fainali mara saba kati ya 1961 na 1970, na mara zote saba walimkuta Bombay na kufungwa. Nyota wa taifa nao hawakuwa na ratiba iliyojaa mechi za kimataifa kama leo, hivyo Ajit Wadekar au Dilip Sardesai alipatikana kwa klabu, kwa timu ya kampuni iliyomwajiri na kwa timu ya Bombay. Timu yenye wachezaji wengi wa taifa, katika mashindano mafupi, yenye sheria inayomlipa mwenye kupiga muda mrefu. Ungeshangaa wasiposhinda.

Hata neno "jimbo" hapa ni la kulitumia kwa tahadhari. Jimbo la Maharashtra lina timu tatu za Ranji: Mumbai, Maharashtra yenye makao Pune, na Vidarbha ya Nagpur. Mumbai ni timu ya mji mmoja na viunga vyake, tena mji wa fedha wenye makao ya bodi ya kriketi ya nchi. Mteuzi anapanda treni asubuhi na kuona vijana wa viwanja vitatu kabla ya jioni.

Hadi hapo ningekubaliana na wakosoaji. Lakini tuchukue fainali ya 1972/73 kwenye uwanja wa Chepauk, Madras. Wenyeji Tamil Nadu walikuwa na wazungushaji hodari, yaani warushaji wa mpira unaogeuka ukidunda, na pichi (ukanda wa katikati ambako mpira hudunda) ikaandaliwa kavu, ya kugeuza mpira tangu siku ya kwanza. Bombay walipata 151 tu. Ndipo Padmakar Shivalkar, mzungushaji wa mkono wa kushoto, akawatoa wapigaji wanane huku akiruhusu mikimbio 16 tu. Tamil Nadu 80. Bombay wakaongeza 113, na katika zamu ya pili Shivalkar akachukua watano kwa 18. Tamil Nadu 61. Mechi ya siku tano iliisha kwa mpira wa kwanza wa siku ya tatu. Kanuni ya zamu ya kwanza haikuwa na kazi hapo. Na Shivalkar, aliyewatoa wapigaji 589 katika daraja la kwanza (mechi kubwa za siku tatu au zaidi), hakuichezea India hata mechi moja ya Test, ile ya kimataifa ya siku nyingi, kwa kuwa nafasi yake ilishikwa na Bishan Bedi. Mtu wa kiwango hicho alikuwa wa Bombay msimu mzima, kila msimu. Wapinzani wengi hawakuwa na anasa hiyo.

Walikotoka watu wa namna hiyo ni pa kueleza kwa kina, kwa sababu hapo ndipo hoja ya upande wa pili inaposimama. Mtoto wa Bombay alianzia shuleni, kwenye Ngao ya Giles kwa wadogo na Ngao ya Harris kwa wakubwa. Harris ipo tangu karne ya 19, na ndiyo ambayo mwaka 1988 Sachin Tendulkar na Vinod Kambli waliweka mikimbio 664 pamoja bila yeyote kati yao kutolewa. Baada ya shule kuna Ligi ya Kanga, iliyoanza 1948, inayochezwa makusudi msimu wa mvua. Pichi haifunikwi na inalowa; mpira unaruka huku na unakwama kule. Majani ya pembeni ni marefu, kwa hiyo mpigo mzuri wa chini ambao kwingine ungefika mpakani unafia nyasini. Anayeharakisha gongo anadakwa mbele. Anayeishi ni yule anayesubiri mpira umfikie chini ya macho na kuupokea kwa mikono iliyolegea. Mtu akimaliza misimu mitano ya Kanga, pichi ya Chepauk haimtishi. Juu ya hapo kulikuwa na Ngao ya Times ya makampuni: Tata, Mafatlal, Nirlon na wengine waliajiri wachezaji, wakawalipa mshahara na kuwaruhusu kufanya mazoezi.

Mtindo wa kupiga ulizaliwa humo. Saa ya kwanza ni ya mrushaji: mpira mpya una mng'ao na mshono mkali, hivyo unaacha kila usiolenga vijiti vya wiketi yako. Baada ya ova 20 hivi (ova moja ni mipira sita) mpira unalainika, na miguu ya warushaji inachoka kikao cha tatu cha siku. Hapo ndipo unakusanya, ukijua kwamba baada ya ova 80 watachukua mpira mpya. Bombay wenyewe wana neno kwa mtu wa aina hii, khadoos, mkaidi asiyetoa wiketi yake bure. Tatizo la mtindo huu nalo linajulikana: ukijenga 500 polepole katika mechi ya siku nne, hubakiwi na muda wa kuwatoa watu 20, kumi kwa kila zamu, na unarudi nyumbani na pointi 3 badala ya 6. Wakosoaji wanaosema Mumbai hucheza kriketi ya kujihami wanasema kweli kuhusu siku nyingi za makundi.

Ajabu ni kwamba pigo kubwa kwa Mumbai limetoka ndani. Chandrakant Pandit, mlinda wiketi wao wa zamani, aliwafundisha wakatwaa kombe 2002/03, 2003/04 na 2015/16. Kisha akahamia Vidarbha, waliokuwa hawana taji, akawapa mawili mfululizo, 2017/18 na 2018/19. Akaenda Madhya Pradesh. Siku chache baada ya nusu fainali ya mikimbio 746, Mumbai walipiga 374 kwenye fainali, na vijana wa Pandit wakakaa kwenye pichi mpaka 536, watatu kati yao wakivuka mia. Mumbai wakasukumwa kukimbizana na muda, wakatolewa kwa 269, wakafungwa kwa wiketi sita. Dawa yao wenyewe, kutoka mkono wao wenyewe. (Wasomaji wa Kenya wanalijua tawi jingine la mti huu: Sandeep Patil, mpigaji wa Bombay, ndiye aliyekuwa kocha wa Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003.)

Kwangu mimi ushahidi huu unazijibu pande zote mbili kwa mkato. Kama mataji yangekuwa ya kanuni tu, mtu asingeweza kuibeba mbinu hiyo hadi Nagpur na ikashinda. Na kama yangekuwa ya kipaji cha mji tu, yasingekauka mara tu wengine walipojifunza kupiga siku mbili: baada ya 2015/16 Mumbai walisubiri miaka minane ndipo wakapata jingine, la 2023/24. Yale 15 ningeyapunguza thamani kidogo, siyo kuyafuta.

Tena lile la 2023/24 halikufuata kitabu cha zamani. Robo fainali dhidi ya Baroda, namba 10 na 11, wapigaji wa mwisho kabisa, Tanush Kotian na Tushar Deshpande, walifikisha mia kila mmoja, jambo lililowahi kutokea mara moja tu kabla yao katika daraja la kwanza, mwaka 1946. Fainalini Mumbai walikuwa 111 kwa wiketi 6. Shardul Thakur, kijana wa Palghar, mbali kaskazini mwa viwanja vya mjini, akapiga 75 za haraka na kuwafikisha 224. Vidarbha wakatolewa kwa 105. Hakuna aliyekuwa khadoos siku hiyo. Msimu uliofuata Vidarbha hao hao waliwapokea Nagpur kwenye nusu fainali na kuwashinda kwa tofauti ya mikimbio 80.