Gunia la Kilo 64.1: Pesa za Korosho Zihesabiwe kwa Desimali au kwa Namba Kamili?

Andika 64.1 * 3300 kwenye Python, JavaScript au Java. Ni gunia moja la korosho ghafi lililosoma kilo 64.1 kwenye mizani, kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ile ambayo serikali iliitangaza Novemba 2018 ilipoamua kununua korosho yenyewe. Kwa kalamu jibu ni 211,530. Kompyuta inajibu 211529.99999999997. Ukikata desimali kwa int() ya Python, (long) ya Java au Math.trunc ya JavaScript, stakabadhi inatoka na 211,529. PHP ina ujanja wake: echo, amri yake ya kuonyesha, inakuonyesha 211530 safi kabisa, lakini (int) ya namba ileile inatoa 211529. Echo huikadiria namba, yaani huipeleka kwenye namba fupi iliyo karibu, pale inapoionyesha tu, nawe ukadhani ndivyo ilivyo ndani.

Shilingi moja hainunui hata pipi, Mtwara nzima. Ila mkutano wa chama cha msingi cha ushirika Tandahimba au Nachingwea hauitazami hivyo. Mkulima akizidisha kwenye simu yake akakuta stakabadhi imepungua, hatasema kuna kosa la nukta, atasema ameibiwa. Na hili ni zao ambalo watu wameumizwa sana na kangomba, wale wanunuzi wa uchochoroni wanaopima kwa bakuli badala ya mizani. Mkulima wa namna hiyo hana deni la kumwamini mtu yeyote kwa sababu tu ana kompyuta.

Watengenezaji wa programu hujibu tatizo hili kwa njia mbili. Kuna wanaosema desimali za kawaida za kompyuta, zile ziitwazo float au double, zipigwe marufuku popote penye pesa, na kila kitu kihesabiwe kwa namba kamili: uzito kwa gramu, pesa kwa shilingi au senti. Wengine wanaona huo ni uoga. Kwao, ukijua kukadiria mahali panapostahili, double inatosha na msimbo unabaki rahisi kusomeka. Kila upande una hoja, na kila upande una mashimo ambayo hauyasemi.

Tuanze na kwa nini kosa linatokea. Kompyuta hupima sehemu za namba kama muuza duka asiye na mawe mengine ya mizani: ana nusu, robo, nusu robo, nusu ya nusu robo, na kuendelea kushuka hivyo hivyo. Kwa mawe hayo, nusu kilo anaipata barabara. Gramu 100 hazipati hata ashuke mpaka kesho. Atazidisha kidogo au atapunguza kidogo. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho karibu lugha zote zinakifuata, kinampa biti 53, yaani nafasi 53 za sifuri au moja, za kubanana nazo, basi. Kwa 64.1 inabidi apunguze, na akizidisha kwa 3,300 upungufu unajitokeza. Kwa 64.5 hapungukiwi kitu. Ndiyo maana programu iliyojaribiwa kwa mizani ya kusoma nusu kilo inaweza kupita msimu mzima bila kasoro, halafu chama kikaleta mizani ya kidijitali yenye hatua za gramu 100, na siku hiyohiyo stakabadhi zinaanza kupishana kwa shilingi moja moja. Fundi atalaumu mizani. Mizani haina kosa.

Wanaotetea double hapa wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Chukua stakabadhi 20,000 ambazo jumla yake haivuki shilingi bilioni 4. Kila unapojumlisha, kosa kubwa linalowezekana ni kama shilingi 0.00000024. Hata makosa yote yakielemea upande mmoja, jambo ambalo ni nadra, hayafiki nusu senti. Kwa hiyo ile hofu kwamba desimali zitakula mamilioni haina msingi. Kinacholeta hasara ni kukata mahali pa kukadiria: round(64.1 * 3300) inatoa 211530 bila shida, int() ndiyo inayokula shilingi. Kosa la pili ni kulinganisha kwa alama ya kuwa sawa. Sharti linalouliza kama malipo ni sawa na 211530 litajibu hapana, na stakabadhi itakwama kwenye orodha ya zisizolingana wakati hakuna kilichoharibika.

Ila utetezi huo ni wa double. Ukitumia FLOAT ya kanzidata ya MySQL, au float ya Java, unabaki na biti 24, na zinaishia kwenye 16,777,216. Ukiweka shilingi 16,777,217, kinachohifadhiwa ni 16,777,216. Kwa bei yetu ya mfano hiyo ni kama tani tano, yaani mkulima mkubwa mmoja. Hapo hakuna mjadala: safu ya FLOAT kwenye jedwali la malipo ni kosa.

Sasa namba kamili. Gramu 64,100 mara 3,300, gawa kwa 1,000, ni 211,530, na hakuna wa kubishana. Usafi huo unavutia, na mimi naegemea huku. Lakini wanaoisifu njia hii husahau kutaja dari lake. Int, namba kamili ya kawaida ya biti 32, inaishia 2,147,483,647. Ukihesabu kwa shilingi na kilo, unaligonga dari kwenye kilo 650,753, wakati mnada mmoja wa chama kikuu cha ushirika unaweza kuuza maelfu ya tani. Ukihesabu kwa senti, unaligonga kabla ya tani 7, ambayo hata lori moja haijaijaza. Na ukizidisha gramu kwa bei kabla ya kugawa, unaligonga kwenye kilo 651 tu: magunia manane na kidogo ya kilo 80.

Mbaya zaidi ni namna lugha zinavyopishana zinapofika hapo. Java na C#, kwa kawaida yake, hazisemi neno. Kilo 700,000 kwa 3,300 zinageuka kuwa hasi 1,984,967,296. Kanzidata ya PostgreSQL inakataa kwa kelele. MySQL inakataa ikiwa katika hali kali (strict mode), na isipokuwa katika hali hiyo inabandika 2,147,483,647 na kuendelea. Python haina dari. Mtego unaowanasa hata wazoefu ni kuandika long jumla = kilo * bei huku kilo na bei zote ni int: kuzidisha kunafanyika ndani ya biti 32 kwanza, na kile kilichokwisha kuharibika ndicho kinachomiminwa kwenye long, ile namba kamili ya biti 64. Geuza angalau kimoja kuwa long kabla ya kuzidisha.

Kugawa nako kuna mambo. Kwenye PostgreSQL, SQLite na Java, 64100 / 1000 ni 64. Ile gramu 100 imeyeyuka. Kwenye MySQL ni 64.1000. Swali lilelile, kanzidata mbili, majibu mawili. Na stakabadhi ya kurekebisha, ile ya kufuta iliyokosewa, ina mkosi wake. Wengi hukadiria namba kamili kwa kuongeza 500 kisha kugawa kwa 1,000. Kwa kilo 64.5 na bei 3,301 unapata 212,915. Rudia hesabu hiyohiyo kwa uzito hasi na unapata hasi 212,914. Umefuta stakabadhi, na shilingi moja imebaki inaning'inia kwenye leja. Usiikokotoe upya stakabadhi ya kufuta: chukua kiasi kilichohifadhiwa ugeuze alama tu.

Kuna njia ya tatu, DECIMAL ya MySQL, NUMERIC ya PostgreSQL na Decimal ya Python, ambazo huhesabu kwa kumi kumi kama binadamu. Kwa seva ni chaguo zuri. Tahadhari ni tatu. Decimal(64.1) inarithi kosa la double, andika Decimal("64.1") kwa alama za nukuu. SQLite, ambayo ndiyo iliyomo kwenye simu za Android, itakubali utangaze safu kuwa DECIMAL(12,2) bila kulalamika, kisha itahifadhi 64.1 kama double vilevile. Kwa simu ya karani inayofanya kazi bila mtandao hilo lina maana kubwa. Na kiunganishi cha PostgreSQL cha Node.js, JavaScript ya upande wa seva, hurudisha NUMERIC kama maandishi, na bigint (namba kamili ya biti 64) pia kama maandishi, hivyo "211530" + "3300" inakuwa "2115303300". Hapa namba kamili nazo hazikuokoi.

Yote hayo bado ni madogo mbele ya swali ambalo kambi zote mbili hulikwepa: nusu shilingi inakwenda kwa nani?

Kilo 64.5 kwa bei ya 3,301 ni 212,914.50, kamili kabisa hata kwa double. Math.round ya JavaScript kwenye simu inasema 212,915. round() ya Python kwenye seva inasema 212,914, kwa sababu Python hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu. Hata PostgreSQL peke yake haina jibu moja: round ya 2.5 iliyo numeric ni 3, ya 2.5 iliyo double precision kwa kawaida ni 2. Bei ikiwa witiri na mizani ikisoma nusu kilo, kila gunia lenye nusu linaangukia kwenye mpaka huu, na simu na seva zitatofautiana kwa takribani nusu ya magunia hayo.

Makato yanaongeza utamu. Chukua mfano wa makato ya asilimia 3: kwa kilo 64.5 za bei 3,300 ni shilingi 6,385.50. Wakulima kumi wenye uzito huo, ukimkadiria kila mmoja kwenda juu, wanakatwa 63,860. Ukikata asilimia 3 kwenye shehena yao nzima ni 63,855. Nani achukue shilingi tano? Watu 400 wa namna hiyo ni shilingi 200, na mhasibu anayefunga hesabu atakesha akizitafuta. Dawa inayofanya kazi ni kuanza na kiasi cha shehena, kumkata kila mmoja kwa kushusha chini, 6,385, ambayo inaleta 63,850, kisha shilingi tano zilizobaki ziongezwe moja moja kwa wenye masalia makubwa zaidi. Masalia yakilingana kama hapa, fuata mpangilio wa namba za stakabadhi. Siyo haki kamili, watano wamekatwa shilingi zaidi, lakini jumla inafunga na kila mtu anaweza kurudia hesabu akapata kilekile. Uamuzi wa kukadiria kwa mkulima au kwa shehena si wa fundi. Ni wa bodi ya chama, uandikwe kwenye mjengeko wa makato, yaani mchanganuo wa kila kinachokatwa, kabla ya mnada wa kwanza, kwa sababu baada ya hapo kila jibu litaonekana limeelemea upande.

Hasara kubwa zaidi, kusema kweli, haitoki kwenye desimali wala namba kamili. Inatoka kwenye koma. Karani akiandika bei kama "3,300", parseFloat ya JavaScript inasoma 3. PHP ukiigeuza kwa (float) nayo inasoma 3. Python inakataa kwa kosa, na kwa mara moja ukali wake ni wema. Gunia la 64.1 linalipwa shilingi 192. Ondoa koma mwenyewe kabla ya kugeuza, halafu weka mipaka: bei ya korosho iliyo chini ya 500 isipite bila mtu wa pili kuithibitisha.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nayo isiwekwe kama namba. Ina tarakimu 20. Excel inashika 15 na zilizobaki inazifanya sifuri, JavaScript nayo haifiki mbali zaidi. Ihifadhi kama maandishi, pamoja na namba ya simu, isije ikapoteza sifuri ya mwanzo.

Kwa programu ya chama cha msingi, iwe ya korosho, ufuta au mbaazi, ningeweka gramu na shilingi kwenye safu za bigint, simu na seva pia, na double ningeiachia wastani, asilimia za unyevu na michoro ya ripoti. Senti nisingezihifadhi mpaka mnada utoe bei yenye senti, na siku hiyo ningehamia NUMERIC kwenye seva. Kero itakayobaki ni ya mhasibu: atafungua jedwali kwenye Excel akute 64100 na adhani ni tani 64. Kwa hiyo safu iitwe uzito_gramu, siyo uzito, na ripoti anayopakua isomwe kwenye mwonekano (view) wa kanzidata unaogawa kwa 1000.0, si 1000. Ukisahau hiyo nukta sifuri kwenye PostgreSQL, atasoma kilo 64 na wewe utaanza upya kueleza zile gramu 100 zimekwenda wapi.