Boliti kuingia si hedi kukubali

Injini za lori za zamani zenye silinda sita za mstari zinabadilishiwa hedi (kipande cha juu kinachofunika silinda) kwa haraka mno. Boliti zikishaingia zote, watu huhesabu kazi imekwisha. Mimi nashikilia hivi: namba ya kalibu (iliyosubiwa kwenye chuma chenyewe) iliyo juu ya hedi ni mahali pa kuanzia tu. Kinachoamua ni matundu ya maji na ujazo wa chemba za mwako, na vyote viwili vichunguzwe kabla hujanunua gasketi, yaani kizibo kinachokaa kati ya hedi na bloku la injini.

Tazama injini za Chevrolet 235 na 261 (namba ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo). Mwendo wa pistoni ni ule ule, inchi 3 15/16. Kipenyo cha silinda ndicho kinachotofautiana: 3 9/16 kwa 235, 3 3/4 kwa 261. Ili upana huo upatikane, silinda za 261 zimeunganishwa mbili mbili, na katikati ya kila jozi maji hayapiti. Joto linajazana hapo na mvuke unatokea, ndiyo maana hedi ya 261 ina vitundu vya ziada vya kuutolea mvuke huo. Sasa, hedi yenye namba inayoishia 848 ilitumika kwenye injini zote mbili! Namba moja, kalibu moja, tofauti ni kutobolewa. Anayesoma namba bila kuigeuza hedi na kuangalia uso wake wa chini hajaitambua bado.

Ukiifunga 848 ya 235 juu ya bloku la 261 bila kuitoboa, injini itawaka vizuri na itakudanganya. Matatizo huja ikibeba mzigo mlimani: mvuke unanaswa kati ya silinda pacha, gasketi inaungua hapo hapo, au hedi inapata ufa. Dawa yake ni kulaza gasketi ya 261 juu ya hedi, kuilinganisha na matundu ya boliti, kuweka alama, kisha kutoboa kwa kipenyo cha vitundu vya bloku hadi kwenye nafasi ya maji. Ukifanya kinyume, yaani hedi ya 261 juu ya 235, hakikisha gasketi inaviziba vitundu vyote vya ziada. Na gasketi ya 235 isiwekwe kamwe kwenye 261. Pete zake zinazozunguka matundu ya silinda zimetengenezwa kwa silinda nyembamba zaidi.

Ile Chevrolet 216 ya kabla ya 1954 inajulikana kwa macho tu: kifuniko cha ubavuni kinapanda hadi kwenye plagi, na kifuniko cha tapeti (kile cha juu ya hedi, kinachofunika valvu) kinashikwa na nati mbili juu katikati. Za 235 za baadaye zina kifuniko kifupi cha ubavuni na skrubu nne pembezoni mwa kifuniko cha tapeti. Lakini vifuniko, kama rangi, visikupe uhakika wa kilicho chini yake.

Tarehe iliyosubiwa kwenye chuma nayo inasaidia. Kwa Chevrolet herufi ni mwezi (A ni Januari, L ni Desemba), kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 14 5 ni Machi 14, mwaka unaoishia na 5. Kwa Ford, namba inayoanza na C5TE husomeka hivi: C ni miaka ya 1960, 5 ni 1965, T ni lori, E ni injini. Huo ni mwaka wa usanifu, si lazima uwe mwaka wa kusubiwa.

Ford 240 na 300 ndizo zinazopendwa kubadilishana hedi. Kipenyo ni inchi 4.00 kwa zote, boliti zinalingana, ila chemba za hedi ya 240 ni ndogo, hivyo mgandamizo wa 300 unapanda. Upande kiasi gani? Usikisie. Funga valvu na plagi, paka grisi kidogo, weka kioo cha plastiki chenye tundu, jaza mafuta ya taa kwa bureti. Pima chemba zote sita. Silinda moja ya 300 ina sentimita za ujazo 819. Jumla ya chemba, gasketi na nafasi ya juu ya pistoni ikiwa sentimita za ujazo 110, mgandamizo ni 8.4 kwa 1. Punguza 8 tu, unafika 9.0. Hedi iliyokwisha kuchongwa uso wake wa chini mara mbili inaweza kukufikisha kwenye kugonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda) bila wewe kujua, na kwa petroli hafifu pistoni ndizo zinazolipa.

Kuchonga kunaishusha pia roka, mkono unaofungua valvu. Pushrodi, fito inayoisukuma roka, inakuwa ndefu kupita kiasi, na kwenye tapeti za haidroliki (zinazojirekebisha kwa shinikizo la oili) valvu inaweza kubaki wazi kidogo ikaungua. Angalia hilo kabla ya kuilaumu kabureta.

Kwa Ford 300, kaza boliti za hedi kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua tatu: pauni-futi 50–55, 60–65, kisha 70–85. Nyuzi ziwe safi na zenye mafuta, la sivyo spana ya torki itasoma msuguano wa nyuzi badala ya mkazo wa boliti. Boliti inayoingia kwenye maji ipakwe dawa ya kuziba.