Kompyuta Niliyoirudisha Mwaka 2020

Nilipopewa kazi ya kutengeneza mfumo wa mafunzo ya wafanyakazi, niliwaahidi wakubwa wangu, kifua mbele, kwamba utafanya kazi kokote, kwenye kompyuta yoyote. Ujasiri huo wote ulitoka kwa Flash, programu-jalizi iliyokuwa imejikita ndani ya vivinjari vya karibu kila kompyuta ya mezani, ambayo ilimwepusha mtu kama mimi na taabu ya kubembeleza kivinjari kimoja kimoja, kwani enzi hizo kila kivinjari kilizisoma kanuni za tovuti kwa namna kilivyolelewa. Basi kila kitu nilikijenga kwa Flash: menyu, maswali, hata mshale wa kurudi nyuma.

Siku ya kuuzindua, mkurugenzi alitoa iPad yake mpya, akafungua ukurasa, ukawa mweupe pee. Steve Jobs alikuwa amekwisha kuandika waziwazi, Aprili 2010, kwa nini Apple haitairuhusu Flash kwenye iPhone na iPad. Waraka huo nilikuwa nimeusoma, tena nikaucheka. Nilimweleza mkurugenzi, kwa upole wa mtaalamu, kwamba bila shaka anaona ujumbe unaomweleza kuwa kifaa chake hakina Flash. Alisema haoni kitu. Nikajisogeza, nikatazama, nikakumbuka: ujumbe wenyewe, pamoja na kitufe chake kilichokuwa kikimetameta kwa madaha, nilikuwa nimeutengeneza kwa Flash.

Mwenye busara angeanza upya usiku uleule. Mimi niliandika kwa herufi za kawaida, "Tafadhali tumia kompyuta ya mezani," nikaenda kulala.

Julai 2017 Adobe, kampuni iliyoimiliki Flash, ilitangaza kwamba Flash itafikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2020. Nilikuwa na zaidi ya miaka mitatu ya kuuandika mfumo upya, nami niliitumia yote kujishawishi kwamba si lazima. Mwishowe nikazima usasishaji kwenye kompyuta ya chumba cha mafunzo, kwa imani kwamba programu isiyopata habari za msiba wake itaendelea kuishi. Kumbe matoleo ya mwisho ya Flash, likiwemo nililokuwa nimekwisha kulisakinisha, yalikuwa yamebeba tarehe ya kifo tumboni: kuanzia tarehe 12 Januari 2021 yaligoma kuonyesha chochote.

Asubuhi hiyo wafanyakazi wapya walikuwa wamekaa wakinisubiri. Maji yakiwa yamenifika shingoni, niliirudisha saa ya kompyuta hadi tarehe 1 Desemba 2020, nikazuia isijirekebishe kupitia intaneti, nikafungua mfumo. Ukafunguka! Nilijiona mganga aliyefufua maiti, na sikujali kwamba tovuti nyingine kadhaa zilikataa kufunguka, kivinjari kikilalamika kuwa vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kutumika. Kila asubuhi nikawa naingia mapema, kabla watu hawajafika, kuirudisha kompyuta tarehe ileile, hivi kwamba chumba kile kiliishi tarehe moja kwa karibu mwezi mzima.

Nilichosahau ni kwamba mfumo wangu nao ulikuwa ukitoa vyeti, na tarehe uliichukua kwenye saa ya kompyuta.

Afisa utumishi aliniita akiwa na rundo mkononi. Akaniuliza, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, imekuwaje kijana aliyeomba kazi mwishoni mwa Desemba awe alihitimu mafunzo ya ndani tarehe 1 ya mwezi huohuo, na imekuwaje watu wote kwenye rundo lile wahitimu siku moja, ndani ya chumba chenye viti sita.

Nilimjibu kwamba mimi niliahidi mfumo utafanya kazi kokote. Habari ya lini, hatukuwahi kuijadili.

Hakucheka. Alichukua kalamu, akaniomba nimtajie tarehe ya leo ili aiandike kwenye barua yangu ya onyo, nami, kwa mazoea, nikamtajia tarehe 1 Desemba.