Jini wa CCTV ni shata na DNR

Mwandishi wa posti moja kuhusu video ya kamera ya ulinzi (CCTV) anasema mtu anayeonekana humo akipita uani saa nane usiku, huku geti likionekana kupitia tumbo lake, lazima awe jini kwa sababu kamera haina macho ya kudanganyika. Kamera za CCTV za bei nafuu hudanganyika kila usiku. Giza likiingia shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, hupunguza kasi, pengine hadi 1/12 ya sekunde, ili kukusanya mwanga. Kisha kipunguza chenga (vidoadoa vya picha ya gizani), ambacho kwenye menyu huandikwa 3D DNR, huchanganya fremu kadhaa, yaani picha zinazofuatana za video, kuwa moja. Ukuta usiosogea hutoka safi, anayetembea hutoka nusunusu, miguu haionekani na nyuma anaacha mkia. Maduara meupe yanayoelea kwenye video kama hizi ni jambo jingine kabisa: vumbi au mdudu aliye sentimita chache mbele ya lenzi, anamulikwa na taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zinazoizunguka. Uzi mmoja wa buibui unatosha. Kabla ya kumwita mganga (ambaye naye si bure), futeni kioo, wekeni shata 1/50, shusheni DNR hadi mwisho, zimeni infraredi na muwashe taa ya kawaida mita mbili pembeni ya kamera. Mtu apite njia ileile: picha itajaa chenga, lakini atatoka mzima. Rudisheni mipangilio ya awali, apite tena, mtapata jini wenu. Kuna aliyeona video ya aina hii iliyopigwa mchana kweupe?