Kidani cha Kinavajo: ya jadi ni ipi hasa?

Kishike mkononi kidani cha Wanavajo, kabila la Wenyeji wa Marekani. Kila ushanga ni vikombe viwili vidogo vya fedha vilivyolehemiwa mdomo kwa mdomo. Baadhi vimechanua mfano wa ua, na chini kabisa inaning'inia hilali iitwayo naja. Muuzaji atakwambia hiyo ndiyo jadi. Hadanganyi. Ila wajuzi wengi wanasema hilali hiyo ilikuwa pambo la hatamu za farasi wa Wahispania, nao waliitoa kwa Waislamu wa Andalusia. Hata ufundi wenyewe Atsidi Sani, anayetajwa kuwa Mnavajo wa kwanza kufua fedha, alijifunza kwa Wameksiko katikati ya karne ya 19. Malighafi ilikuwa sarafu za kuyeyusha. Feruzi, lile jiwe la buluu, ilikuja kupachikwa baadaye.

Basi wanaodai "jadi safi" wana kazi. Wao wanataka pambo zito la nyundo, na wanazibeza bangili nyepesi zenye nakshi za mishale, aina iliyoenea baada ya kampuni ya Fred Harvey, iliyoendesha hoteli na mikahawa kwenye njia za reli, kuagiza mapambo ya watalii mwaka 1899. Nawaelewa, maana safari hii mteja ndiye aliyemwongoza fundi. Lakini fundi alikuwa na watoto wa kulisha, na leo bangili hizo hizo zinagombewa na wakusanyaji.

Sheria ya Marekani ya 1990 haihangaiki na mtindo. Inauliza nani kakifua. Ukiuza kitu kama kazi ya Wenyeji wa Marekani na sicho, unaweza kufungwa hadi miaka mitano. Mwaka 2018 mfanyabiashara wa Albuquerque, jimboni New Mexico, alipewa kifungo cha miezi sita kwa kuuza hivyo mapambo yaliyotengenezwa Ufilipino. Mimi naiunga mkono, japo ina ukali wake: asiyeandikishwa katika kabila, hata kama bibi yake alikuwa mfua fedha, hapiti mpaka kabila limthibitishe kuwa fundi wake.

Penye jiwe ndipo wapenda jadi wananishinda hoja. Feruzi nyingi ni laini, hivyo hushindiliwa gundi ya plastiki ili ziwe ngumu, na Mnavajo halisi anaweza kulipachika jiwe hilo bila kuvunja sheria hiyo. Mgodi wa Sleeping Beauty huko Arizona, uliosifika kwa buluu yake, uliacha kutoa feruzi mwaka 2012, na mawe mazuri yakazidi kupanda bei. Anayelipia jiwe la asili ana haki ya kuambiwa kama limejazwa gundi. Feruzi ya asili hunywa mafuta ya ngozi ya mvaaji na baada ya miaka huanza kuelekea ukijani. Iliyojazwa gundi hubaki na buluu ya siku ile ilipotoka dukani.